Namna ya kukagua paa la nyumba kwa droni ili kubaini mahali linapovuja

Droni huona uso wa paa tu. Haioni njia ambayo maji yamepita chini ya bati au kigae, wala unyevu uliojificha kwenye mbao za kenchi. Ndiyo maana ukaguzi unaoanza kwa kurusha droni na kupiga picha huku na huko huishia mara nyingi kwenye rundo la picha nzuri ambazo hazimwambii mwenye nyumba aanze kutengeneza wapi. Utaratibu unaoelezwa hapa ni mwingine: kwanza mkaguzi ajue anatafuta nini na upande gani wa paa, kisha aruke, kisha azisome picha kwa makini, na mwisho athibitishe kwa maji na kwa mkono kile ambacho picha imedokeza.

Faida ya chombo hiki ni kumwondolea mtu ulazima wa kupanda. Kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa sababu kuu za vifo katika kazi za ujenzi, na paa linalovuja ni hatari zaidi kulikanyaga kuliko paa lisilo na kasoro, kwa kuwa huenda mbao zilizo chini yake zimekwisha kuoza. Karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga huchakazwa na jua hadi zikashindwa kubeba uzito wa mtu. Karatasi za saruji yenye asbesto hupasuka kwa urahisi, na zikipasuka hutoa nyuzi zinazodhuru mapafu. Vigae navyo havivumilii kukanyagwa ovyo, kiasi kwamba fundi aliyepanda kutafuta ufa mmoja anaweza kushuka akiwa ameacha nyufa tatu nyingine.

Anzia ndani ya nyumba

Kabla ya kugusa droni, ingia ndani ukiwa na tochi, tepu ya kupimia na daftari. Tafuta kila doa la maji lililo darini, pima umbali wake kutoka kuta mbili za nje, kisha uandike. Ikiwa kuna nafasi ya kuingia juu ya dari, ingia kwa tahadhari na ufuatilie mbao zilizobadilika rangi, misumari yenye kutu na mistari ambayo maji yameiacha kwenye boriti. Maji yaliyoingia kwenye tundu ni nadra kudondoka wima. Hutambaa chini ya bati, juu ya karatasi ya lami au kandokando ya mbao, yakifuata mteremko mpaka yakutane na kizuizi kama vile ncha ya msumari au kiungo cha mbao, na hapo ndipo yanapodondokea dari. Kwa sababu hiyo tundu huwa karibu kila mara juu zaidi kwenye mteremko kuliko doa, na wakati mwingine tofauti hiyo hufika mita kadhaa.

Vipimo ulivyoandika vinakupa ukanda wa kuchunguza: kuanzia usawa wa doa kupanda hadi kwenye mgongo wa paa, na nafasi ya mita moja au mbili kila upande. Ukanda huo ndio utakaopigwa picha kwa undani wa hali ya juu, na sehemu nyingine za paa zitapata uangalizi wa kawaida.

Muulize pia mwenye nyumba paa linavuja lini, kwa kuwa jibu lake lina thamani kuliko picha nyingi. Likivuja dakika chache tu baada ya mvua kuanza, fikiria tundu lililo wazi au msumari uliotoka. Likivuja baada ya mvua ndefu, shuku mfereji ulioziba, bonde la paa lililojaa takataka au paa bapa linalotuamisha maji. Likivuja tu mvua inapokuja na upepo wa upande fulani, tazama maungio yanayoukabili upepo huo na mahali paa linapokutana na ukuta. Na likitoa matone alfajiri bila mvua yoyote kunyesha, inaelekea kwamba mvuke wa ndani ya nyumba unageuka maji upande wa chini wa bati linapopoa usiku. Hali hiyo hurekebishwa kwa kuongeza mzunguko wa hewa juu ya dari, na droni haitaonyesha kasoro yoyote. Usisahau kuuliza kama kuna tangi au bomba la maji juu ya dari.

Droni na kamera inayofaa

Droni ndogo yenye GPS, kamera iliyotulizwa isitikisike, na uwezo wa kuielekeza kamera hiyo chini kabisa, inatosha kwa nyumba nyingi. Lenzi ya kuvuta karibu ni nyongeza ninayoithamini kuliko kasi au muda mrefu wa kuruka, kwa kuwa inamwezesha mkaguzi kuona kwa undani huku droni ikibaki mbali na paa.

Ni muhimu kujua kamera yako inaweza kuona kitu kidogo kiasi gani. Chukua mfano wa kamera yenye kihisi (sehemu inayonasa picha) cha upana wa milimita 13.2 kilichogawanywa katika pikseli 5,472, na lenzi ya milimita 8.8. Ikiwa mita 10 kutoka kwenye paa, pikseli moja inafunika takriban milimita 2.7, ikiwa mita 5, takriban milimita 1.4, ikiwa mita 3, takriban milimita 0.8. Kitu hakitambuliki kwa pikseli moja, bali huhitaji kadhaa. Kwa hiyo kutoka mita 10 utaona kichwa cha msumari wa bati na kutu iliyokizunguka, lakini hutaweza kusema kama mpira ulio chini yake umepasuka. Ufa wa milimita 2 kwenye kigae unahitaji umbali wa mita 3 hivi, au lenzi ya kuvuta karibu. Mkaguzi asiyejua hesabu hii huandika kwamba vigae havina nyufa, ilhali kamera yake haikuwa na uwezo wa kuziona.

Kuhusu sheria, kila nchi ina mamlaka yake ya usafiri wa anga, na masharti yake husomwa kabla ya kuruka. Nchini Marekani anayeruka kwa malipo sharti awe na cheti cha rubani wa droni kinachotolewa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, na kimo cha kawaida hakizidi futi 400; katika Umoja wa Ulaya kikomo ni mita 120. Kimo si tatizo katika kazi hii, kwa sababu mara chache utapita mita 30. Yanayohitaji uangalifu ni ukaribu wa viwanja vya ndege, watu walio chini, na faragha ya majirani. Wajulishe majirani siku moja kabla, elekeza kamera kwenye paa unalolikagua tu, na ufute picha zilizonasa ua au madirisha yao.

Kuchagua siku na saa

Paa linalong'aa hupigwa vizuri siku ya mawingu mepesi, kwa sababu jua kali huakisiwa na bati hadi sehemu nzima ya picha inakuwa nyeupe. Kwa vigae, au kwa bati unaloshuku kuwa limebonyea au kuinuka, subiri jua la asubuhi au la jioni. Mwanga unaolala hutupa kivuli kirefu nyuma ya kila ukingo ulioinuka, na kasoro ambayo saa sita mchana haikuonekana hujidhihirisha yenyewe.

Paa bapa linastahili kutazamwa mara mbili: likiwa kavu, na tena saa 48 baada ya mvua kukoma. Maji yatakayokuwa bado yamesimama wakati huo yanaonyesha kwamba mteremko hautoshi au njia ya kutolea maji imeziba. Siku ya upepo mkali ahirisha kazi, na kwenye mvua usiruke kabisa, kwa kuwa droni nyingi ndogo hazikuundwa kustahimili maji.

Kuruka na kupiga picha

Izunguke nyumba kwa miguu kwanza. Tafuta nyaya za umeme na za simu, antena, matawi na kamba za kuanikia, kwa sababu vihisi vinavyoikinga droni na vizuizi mara nyingi havioni waya mwembamba. Irushe kutoka mahali palipo mbali na magari, mabati na zege lenye nondo, kwa kuwa chuma huivuruga dira yake. Weka kimo cha kurudi nyumbani, yaani kimo ambacho droni hupandia inaporudi yenyewe ikipoteza mawasiliano, kiwe juu ya mti au nguzo ndefu kuliko zote zilizo jirani, lakini kumbuka kwamba droni ikikata mawasiliano ikiwa chini ya tawi, itapanda wima na kuligonga tawi hilo. Betri iliyovimba isitumike hata kwa safari fupi, na droni ishuke ikiwa imebakiza angalau asilimia 25 ya chaji.

Juu ya paa lenyewe, umbali wa mita 3 ndio wa chini kabisa ninaoushauri. Kamera za chini zinazoisaidia droni kutulia huweza kudanganywa na bati linalong'aa, na hapo droni huanza kusogea bila kuamriwa. Upande wa paa usiokabili upepo una hewa inayozunguka na kushuka, kwa hiyo usikaribie mgongo wa paa kutoka upande huo. Usishuke kati ya kuta mbili zilizo karibu, mahali ambapo mawimbi ya GPS yanagonga kuta na kuipa droni mahali pasipo sahihi.

Picha zipigwe kwa mpangilio mmoja kila mara. Anza na picha ya paa zima kutoka juu moja kwa moja, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuwa ramani ya taarifa yako. Piga pembe nne za nyumba kamera ikiwa imeinama nyuzi 45. Kisha ingia kwenye kila mteremko, ukianzia ule wa mbele na kuzunguka kwa kufuata mwelekeo wa saa, na uielekeze kamera ili iutazame mteremko uso kwa uso: paa lenye mwinuko wa nyuzi 30 linahitaji kamera iliyoinamishwa nyuzi 60 kutoka usawa wa upeo. Piga kwa safu, kila picha ikirudia theluthi moja ya iliyotangulia, ili pasiwepo mahali palipoachwa. Mwisho rudi kwenye ukanda ulioupima ndani ya nyumba, usogee karibu, na upige kila kitu kinachotia shaka kutoka pembe mbili au zaidi.

Simamisha droni kabla ya kila picha, na tumia kasi ya shata (kifuniko kinachoingiza mwanga kwenye kamera) isiyopungua sehemu moja ya 500 ya sekunde. Kwenye bati jipya punguza mwanga kidogo, kwa kuwa maelezo yaliyopotea kwenye weupe hayarudishiki. Video ina manufaa ya kumwonyesha mwenye nyumba hali ya jumla, lakini isiwe msingi wa ukaguzi, kwani kila fremu yake imebanwa na imepoteza maelezo madogo ambayo ndiyo unayoyatafuta.

Kuzisoma picha

Hii ndiyo sehemu ndefu ya kazi, na haifai kufanywa kwenye skrini ya simu uwanjani. Zifungue picha kwenye skrini kubwa, zikuze hadi ukubwa wake halisi, na uanze na ule ukanda ulio juu ya doa. Maji huingia zaidi mahali ambapo paa limetobolewa au limegeuka kuliko katikati ya mteremko mtupu. Kwa hiyo tazama kwanza maungio ya dohani, mabomba ya hewa, madirisha ya paa, vishikizo vya paneli za umeme wa jua, na mabonde ambayo miteremko miwili hukutania. Bonde la paa hubeba maji ya miteremko yote miwili, na majani machache yaliyokwama humo yanatosha kuyafanya maji yapande pembeni na kuingia chini ya bati. Kwenye dohani na kuta, tafuta bati la kukinga lililobanduka, saruji iliyoachia, au gundi ya kuzuia maji iliyokauka na kupasuka.

Viraka vya zamani vya lami au silikoni vinastahili heshima ya pekee. Vinakuambia kwamba mtu mwingine alishuku mahali hapo, na kwa kuwa nyumba bado inavuja, inawezekana alikosea. Tazama eneo la juu ya kiraka kwa makini kuliko kiraka chenyewe.

Kwenye paa la bati, kila msumari ni tundu lililozibwa kwa mpira, na mpira huo huchakazwa na jua. Msumari uliotoka hutupa kivuli kidogo cha duara. Uliolegea huzungukwa na pete ya kutu. Kwenye bati la mawimbi, msumari uliopigwa bondeni, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni, ni kasoro hata kama haujaanza kuvuja. Fuata kila mstari ambao bati moja linalalia jingine. Kutu iliyonyooka kando ya mstari huo huonyesha kwamba maji yanavutwa na kubaki kati ya mabati hayo mawili, jambo linalotokea hasa pale mteremko ni mdogo au bati la juu halikulalia la chini kwa kiasi cha kutosha. Chunguza kofia ya paa, yaani bati linalofunika mgongo wake, kama imeinuka au kama maungio yake yameachana. Na ukiona kitu cha shaba kinachotiririsha maji juu ya bati lililopakwa zinki, kiandike, kwa sababu maji yaliyopita kwenye shaba huila zinki upesi.

Kwenye vigae, jicho lisafiri kwa safu. Kigae kilichoteleza huuvunja mstari ulionyooka, na hivyo huonekana kabla ya ufa. Tazama pembe zilizomeguka, saruji ya mgongo wa paa iliyopasuka, na kuvu ya kijani upande wa kivuli, ambayo huhifadhi maji kwenye kingo. Lakini ni lazima mkaguzi aseme wazi jambo moja: pale vigae vilipowekewa karatasi ya kuzuia maji chini yake, kigae kilichopasuka huenda kisivujishe tone, na karatasi iliyochanika huvujisha huku vigae vyote vikionekana vizima. Picha safi ya paa la vigae haimaanishi kwamba paa ni zima.

Vigae vya lami huonyesha uchakavu kwa kupoteza chembechembe za mawe zilizo juu yake, hivyo huonekana kuwa na mabaka meusi, na chembechembe zenyewe hukutwa kwenye mfereji. Kingo zilizojikunja na vigae vilivyong'oka huonekana kwa urahisi. Kwenye paa bapa tafuta malengelenge, maungio yaliyofunguka, nyufa karibu na ukuta wa ukingo, na pete za tope zinazobaki baada ya dimbwi kukauka. Pete hizo zinakuonyesha mahali maji yaliposimama hata ukifika siku ya jua. Mifereji nayo isipuuzwe, kwani mfereji uliojaa hurudisha maji kwenye kingo za paa na kuozesha ncha za mbao.

Mambo yanayodanganya ni mengi: kinyesi cha ndege, jani lililolowa, rangi iliyobanduka, kivuli cha waya. Ndiyo sababu ya kupiga pembe mbili. Kivuli huhama muda unapopita, na pembe ya pili huweza kuonyesha kitu kinachokitupa. Ufa hubaki palepale kwenye kigae kilekile.

Kamera ya joto

Kamera ya joto inasifiwa kuliko inavyostahili katika kazi ya nyumba za kawaida, kwa hiyo ni vyema kueleza inapofaa. Inapima mionzi ya joto inayotoka kwenye uso wa paa, na haipenyi ndani. Inafaa hasa kwa paa bapa lenye tabaka la kuzuia joto chini ya utando wa juu. Tabaka hilo likilowa, maji yaliyomo hutunza joto la mchana kwa muda mrefu kuliko sehemu kavu, kwa kuwa maji huhitaji joto jingi kupanda nyuzi moja, na jua likishazama eneo lililolowa huonekana lenye joto zaidi. Ili tofauti hiyo ionekane, mchana uwe ulikuwa na jua, anga la usiku liwe wazi, upepo uwe mdogo, na uso wa paa uwe mkavu. Kuna kanuni ya kiufundi ya ASTM, shirika linaloweka viwango vya kiufundi, iitwayo C1153, inayohusu kazi hiyo. Kumbuka kwamba kuruka usiku kuna masharti yake katika nchi nyingi.

Kwenye bati tupu linalong'aa matokeo hayategemeki. Chuma cha aina hiyo hutoa mionzi yake kwa kiasi kidogo na kuakisi ya mazingira, hivyo kinachoonekana kwenye skrini mara nyingi ni ubaridi wa anga. Kwa nyumba yenye paa la mteremko la bati, nashauri fedha za kamera ya joto zielekezwe kwenye lenzi bora.

Kuthibitisha na kuandika taarifa

Kila kasoro iliyo ndani ya ukanda ijaribiwe kwa maji pale inapowezekana. Mtu mmoja abaki juu ya dari na tochi, mwingine amwagilie paa kwa mpira kutoka kwenye ngazi iliyofungwa imara, au kutoka chini ikiwa maji yanafika. Anza sehemu ya chini ya ukanda, lowesha eneo dogo kwa dakika kadhaa, na uhamie juu ikiwa hakuna tone. Ukianzia juu, maji yatatiririka juu ya kasoro zote kwa pamoja na hutajua iliyovujisha ni ipi. Usiuelekeze mpira kwa nguvu kwenye maungio kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa mvua haiji hivyo na utayavujisha maungio mazima. Paa la asbesto lisiguswe kwa jaribio hili. Liachiwe mtaalamu mwenye kibali.

Katika taarifa, weka namba za kasoro kwenye ile picha ya paa zima, na kwa kila namba ambatisha picha ya karibu, upande wa paa, na umbali kutoka ukingo. Andika waziwazi kama kasoro imeonekana kwenye picha tu au imethibitishwa kwa maji, na utaje pia maeneo ambayo hayakuonekana kwa sababu ya matawi, kivuli au nyaya. Fundi atakayepanda atabeba taarifa hiyo mkononi, na tofauti kati ya shaka na uthibitisho ndiyo itakayomfanya afumue bati moja badala ya kumi.

Hifadhi picha za asili bila kuzipunguza ukubwa. Fundi akimaliza, rusha droni tena, upige sehemu zilizotengenezwa kutoka kimo na pembe ileile, uziweke picha hizo kando ya za kwanza, na baada ya mvua kubwa inayofuata urudi darini na tochi kulitazama doa.